Kutoka sifuri na moja hadi hezi na desibeli: mwongozo kamili wa kubadili thamani za vidhibiti katika Pure Data

Umechora slaida kwenye pachi yako (programu unayoijenga kwa kuunganisha visanduku kwa waya), ukaivuta, namba zikapanda kutoka 0 hadi 1. Sasa unataka namba hizo hizo zifungue chujio la sauti kati ya hezi 200 na 5,000, zipandishe sauti bila kuikwaruza, na pengine zichague wimbi moja kati ya manane. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo: kuchukua thamani iliyobanwa kati ya sifuri na moja na kuifikisha kwenye mipaka inayotakiwa na kila kitu unachokiendesha, kwa namna ambayo sikio litaikubali.

Nitatumia Pure Data, ambayo wengi tunaiita Pd. Ni programu huria ambayo Miller Puckette aliianza miaka ya 1990, baada ya kuunda Max alipokuwa IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki kilichoko Paris, katika miaka ya 1980. Programu hizo mbili ni ndugu, kwa hiyo karibu kila kitu hapa kinafanya kazi pia kwenye Max. Pale zinapotofautiana kiasi cha kukuumiza, nitasema. Visanduku vyote nitakavyotaja vimo ndani ya Pd ya kawaida, huhitaji maktaba ya ziada.

Kabla ya yote, punguza sauti ya kompyuta. Miaka ya mwanzo niliwahi kuunganisha slaida moja kwa moja na `*~` inayodhibiti ukubwa wa sauti, nikiwa nimevaa hedifoni. (Alama ya `~` inaonyesha kisanduku kinachofanya kazi kwenye sauti yenyewe, si kwenye namba za kawaida.) Slaida mpya ya Pd hutoa 0 hadi 127, si 0 hadi 1. Kuzidisha sauti mara 127 ni sawa na kuongeza desibeli 42. Masikio yalinivuma hadi siku ya pili, na tangu hapo hakuna namba inayoingia kwenye sauti ya pachi zangu bila kwanza kujua mipaka yake.

## Kwa nini tupite sifuri na moja

Kila chanzo cha namba kina mipaka yake. Vidhibiti vya kawaida vya MIDI, mfumo wa ala na kompyuta kuwasiliana uliotoka mwaka 1983, hubeba biti 7, ndiyo maana vinaishia 127. Gurudumu la kupinda noti hubeba biti 14, yaani 0 hadi 16383. Sensa iliyounganishwa na Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki, hutoa 0 hadi 1023. Upande wa pili, chujio linataka hezi, mwangwi unataka milisekunde, na ukubwa wa sauti unataka kizidishi.

Ukiwa na vyanzo vinne na mahali patano pa kupeleka namba, na kila chanzo kikazungumza moja kwa moja na kila mahali, utaandika ubadilishaji wa aina 20. Ukipitisha vyote kwenye sifuri na moja, utaandika tisa tu: minne ya kuingia, mitano ya kutoka. Tena siku ukibadilisha kifaa cha MIDI na kuweka sensa, upande wa sauti hauguswi kabisa.

Kanuni ninayoifuata haina upekee: kila kitu kinasafiri kikiwa kati ya 0 na 1, na ubadilishaji wa mwisho unakaa mlangoni pa kinachoendeshwa, si mapema zaidi. Nitaonyesha mbele kwa nini mahali hapo pana uzito.

## Hatua ya 1: ingiza kila kitu kati ya 0 na 1

Slaida ni rahisi. Fungua menyu ya Put, chagua Hslider, bofya kulia juu yake, ingia Properties, kisha kwenye mipaka ya matokeo andika 0 upande wa kushoto na 1 upande wa kulia. Unganisha na kisanduku cha namba (Ctrl+3) uone kinachotoka. Kumbuka kwamba slaida ya kawaida ina upana wa pikseli 128 hivi, kwa hiyo ina hatua chache kuliko unavyodhani. Ukibonyeza Shift huku unavuta, inasogea kwa hatua ndogo zaidi.

Kwa kidhibiti cha MIDI:

`ctlin 1` → `/ 127` → `clip 0 1`

Gawanya kwa 127, si 128. Thamani ni 128 kwa idadi, lakini kubwa kuliko zote ni 127. Ukigawanya kwa 128, kidhibiti kikiwa mwisho kabisa utapata 0.9922, na slaida ya sauti haitafika juu kamwe. Kosa hili ni dogo, na ndiyo maana huishi muda mrefu bila kugunduliwa.

Kwa watumiaji wa Max: andika `/ 127.` yenye nukta. Bila nukta, Max hufanya hesabu ya namba kamili, na 64 ikigawanywa kwa 127 inakuwa 0. Kidhibiti kitakaa sifuri safari nzima na kuruka hadi 1 kikifika mwisho. Pd haina tatizo hili kwa sababu namba zake zote zinabeba desimali.

Gurudumu la kupinda noti lina jambo lake. Katikati pake ni 8192, na katikati hapo lazima pawe sifuri kamili, la sivyo ala itakuwa nje ya tuni hata usipoigusa. Ukigawanya 8192 kwa 16383 hupati 0.5 kamili. Kwa hiyo usilipeleke kwenye 0 na 1, lipeleke kati ya −1 na 1:

`bendin` → `- 8192` → `/ 8192`

Kisha `* 2` itakupa nusutoni mbili (nusutoni ni hatua kati ya noti mbili jirani za kinanda) juu na mbili chini, tayari kujumlishwa na namba ya noti. Upande wa juu utakosa kidogo sana kufika 1, na hakuna sikio litakaloona pengo hilo. Kitu chochote chenye kituo cha kupumzika katikati ni bora ukitendee hivi.

Sensa ndizo zinazohitaji uvumilivu. Kwenye karatasi zinatoa 0 hadi 1023, lakini sensa ya mwanga ndani ya chumba chako huenda ikacheza kati ya 180 na 870 tu. Tazama namba halisi kwanza, ziandike, kisha:

`- 180` → `/ 690` → `clip 0 1`

Hiyo 690 ni tofauti ya 870 na 180. `clip` si pambo. Siku mwanga utakapozidi 870, bila `clip` utapata 1.1, na hiyo 1.1 ikipitia kwenye mkunjo mkali (ubadilishaji usiofuata mstari mnyoofu) huko mbele inageuka kitu kikubwa sana.

Kama mahali pa kuchezea panabadilika kila mara, acha pachi ijifunze mipaka yenyewe. Chukua `max 0`, toa waya kutoka chini yake na uurudishe kwenye mlango wake wa kulia. Sasa kinakumbuka namba kubwa kuliko zote zilizopita. Fanya vivyo hivyo kwa `min 1023`. Halafu:

`expr ($f1-$f2)/($f3-$f2)`

Thamani ya sasa iingie mlango wa kwanza, ndogo kuliko zote mlango wa pili, kubwa kuliko zote mlango wa tatu. Mgawanyo ufanywe na `t f f f`, ambacho hutoa kutoka kulia kwenda kushoto: tundu la kulia liende kwenye `max`, la kati kwenye `min`, la kushoto moja kwa moja kwenye `expr`. Mpangilio huo ni wa lazima, kwa sababu katika Pd mlango wa kushoto ndio unaoamsha kisanduku. Milango mingine hupokea na kukaa kimya. Thamani ya kushoto ikitangulia, hesabu itafanyika kwa mipaka ya zamani. Kabla ya onyesho, isogeze sensa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara moja au mbili ili ijue ilipo, kwani thamani ya kwanza kabisa haina maana: ndogo na kubwa ni namba ile ile.

## Hatua ya 2: mstari mnyoofu

Fomula ya msingi ni moja. Ikiwa x iko kati ya 0 na 1, na unataka kufika kati ya a na b:

y = a + x × (b − a)

Kwa chujio la hezi 200 hadi 5,000:

`* 4800` → `+ 200`

Zidisha kwa upana, kisha ongeza mwanzo. Ijaribu kwa namba tatu kila unapoandika mpya: 0 inatoa 200, 1 inatoa 5000, 0.5 inatoa 2600. Dakika moja ya kujaribu miisho miwili na kati imeniokoa mara nyingi kuliko mbinu nyingine yoyote. Kosa la kawaida ni kuandika `* 5000` kisha `+ 200`, na kujikuta unafika 5200.

Mipaka ikigeuzwa haina shida. Ukitaka slaida ikipanda kitu kishuke, tuseme kutoka 1 kwenda 0, weka `* -1` → `+ 1`. Fomula ni ile ile, b − a imekuwa hasi tu.

Kwenye Max kuna `scale`, ambacho hupokea mipaka minne kwa mpigo: `scale 0. 1. 200. 5000.` (tena weka nukta). Hakikati namba zinazovuka mipaka. `zmap` ndicho hukata.

Wengi huishia hapa. Chujio linafunguka, linafunga, kazi imekwisha. Lakini jaribu kucheza na slaida hiyo kwa dakika tano, usikilize.

## Hatua ya 3: fuata sikio

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko kwingine kote.

Sikio halihesabu hezi kwa kujumlisha, linahesabu kwa kuzidisha. Kutoka hezi 200 hadi 400 ni oktava moja. Kutoka 2,500 hadi 5,000 pia ni oktava moja, na sikio linazipokea kama umbali sawa. Sasa rudi kwenye slaida yetu nyoofu. Oktava ile ya chini inachukua asilimia 4 hivi ya slaida, kama pikseli tano. Oktava ya juu inachukua asilimia 52. Nusu ya mkono wako inafanya kazi mahali ambapo hakuna mabadiliko makubwa, na muziki wote wa chini umebanwa kwenye ukingo ambao kipanya hakiwezi hata kuushika vizuri.

Kwa kidhibiti cha MIDI hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa una hatua 127 tu. Kila hatua ni hezi 37.8. Kule juu hiyo ni kama sehemu ya nane ya nusutoni, haisikiki. Kule chini, kutoka 200 kwenda 237.8, ni nusutoni tatu nzima. Kila ukisogeza kidole, chujio linaruka.

Dawa ni kuzidisha badala ya kujumlisha:

y = a × (b ÷ a)^x

5,000 ukigawanya kwa 200 unapata 25. Kwa hiyo:

`expr 200*pow(25, $f1)`

Sasa x ikiwa 0 unapata 200, ikiwa 1 unapata 5000, na katikati ya slaida unapata 1000, si 2600. Robo ya kwanza inakupeleka hezi 447, robo tatu 2,236. Kila sehemu ya slaida ina idadi sawa ya oktava, na hatua zote 127 za MIDI zina ukubwa mmoja: chini kidogo ya nusu ya nusutoni. Ndani ya `expr` tumia `$f1`, si `$i1`. Hii ya pili hukata desimali, na kwa kuwa x yetu yote ni desimali, utabaki na 0 na 1 peke yake.

Kuna njia nyingine ambayo mimi huipenda zaidi kwa sababu inasomeka kimuziki. `mtof` hubadili namba ya noti ya MIDI kuwa hezi: 69 ni 440, 60 ni 261.63. Hezi 200 ni noti 55.35, na kutoka hapo hadi hezi 5,000 ni nusutoni 55.726. Basi:

`* 55.726` → `+ 55.35` → `mtof`

Mstari mnyoofu unabaki upande wa noti, na `mtof` inafanya kazi ya kukunja. Matokeo ni yale yale, ila unaweza kufikiri kwa noti badala ya hezi. Ukitaka osileta (kisanduku kinachozalisha wimbi la sauti) icheze kati ya noti 36 na 84, ni `* 48` → `+ 36` → `mtof`, na katikati ya slaida utakuta noti 60.

Slaida ya Pd ina pia chaguo lake la logi ndani ya Properties. Inafaa kwa majaribio ya haraka. Siitumii kwenye pachi za kudumu, kwa sababu inafunga mkunjo ndani ya slaida. Ukija kuweka MIDI au sensa mahali pake, mkunjo unaondoka na slaida.

Mkunjo huu wa kuzidisha una sharti moja: mwanzo hauwezi kuwa sifuri. Hakuna namba utakayoizidisha ukafika sifuri. Kwa masafa na muda hilo halisumbui, maana hakuna anayehitaji hezi sifuri. Muda wa mwangwi wa milisekunde 5 hadi 5,000 unakaa vizuri kabisa kwenye `expr 5*pow(1000, $f1)`, na katikati unapata 158, ambako ndiko mkono hutaka kuwa.

Ukubwa wa sauti ndio unaohitaji sifuri ya kweli, yaani kimya. Hapa una njia mbili.

Ya kwanza ni kipeo: `pow 3`. Sifuri inabaki sifuri, moja inabaki moja, na katikati inakuwa 0.125, ambayo ni desibeli 18 chini. Linganisha na slaida isiyo na mkunjo, ambayo katikati iko desibeli 6 tu chini: nusu yote ya juu inasikika karibu sawa, halafu sauti inaporomoka mwishoni. `pow 2` inakupa desibeli 12 chini. Jaribu zote kwa muziki wako. Mimi naanza na 3 kwa vidhibiti vya jumla na 2 kwa vitu vinavyokaa juu muda mwingi.

Ya pili ni desibeli zenyewe. Katika Pd, `dbtorms` ina desturi yake: 100 ni sauti kamili, yaani kizidishi 1, na 0 ni kimya kabisa. Ukitumia `* 60` → `+ 40` → `dbtorms` unapata kipande cha desibeli 60, katikati ikiwa desibeli 30 chini. Lakini mwisho wa chini utatoa 0.001, si kimya. Ukitaka kimya, ongeza `sel 0` kabla ya hesabu: x ikiwa sifuri, tuma ujumbe wa `0` moja kwa moja mbele ya `dbtorms`, vinginevyo tundu la kulia la `sel` liendelee na njia ya kawaida.

Kugawa sauti kushoto na kulia kuna mkunjo wake pia. Ukipeleka x upande mmoja na 1 − x upande mwingine, katikati kila spika inapata 0.5 na sauti inaonekana kuzama. Weka `* 1.5708`, kisha pitisha matokeo kwenye `cos` kwa upande wa kushoto na kwenye `sin` kwa upande wa kulia. Katikati kila upande unapata 0.707, desibeli 3 chini, na nguvu ya jumla haibadiliki.

## Hatua ya 4: ngazi badala ya mteremko

Unataka x ichague moja kati ya mawimbi manane, yaliyopewa namba 0 hadi 7. Wa kwanza kufika kichwani ni `* 8` → `int`. Inafanya kazi hadi x ifike 1 kamili, ndipo inatoka 8, ambayo haipo. Weka `clip 0 7` mwishoni na kila wimbi litapata nafasi sawa kwenye slaida.

Wengine hutumia `* 7` na kukadirisha kwa `+ 0.5` → `int`. Haivuki mipaka, lakini wimbi la kwanza na la mwisho hupata nusu ya nafasi ya mengine. Kwenye kidhibiti kidogo cha kuzungusha unalihisi jambo hilo mara moja.

Kwa mipaka inayoingia kwenye hasi, angalia `int`. Inakata kuelekea sifuri, kwa hiyo kila kitu kati ya −1 na 1 kinakuwa 0, na ngazi ya katikati inapanuka mara mbili. Tumia `expr floor($f1)`. Na baada ya ngazi yoyote weka `change`, ili namba ile ile isitumwe mara mia wakati slaida inatembea ndani ya ngazi moja.

## Hatua ya 5: lainisha, na ulainishe mahali sahihi

Namba za slaida zinafika kwa vipande, sauti inakwenda mfululizo. Ukipeleka vipande hivyo kwenye sauti vilivyo, utasikia mkwaruzo, hasa kwenye ukubwa wa sauti. `line~` huunganisha vipande hivyo kwa mteremko. Tengeneza kisanduku cha ujumbe chenye `$1 20` na ukiunganishe na `line~`: nenda kwenye thamani hii kwa milisekunde 20. Pungufu ya 10 mkwaruzo unaweza kurudi. Zaidi ya 50 mkono unahisi kuchelewa.

Sasa, mteremko uwekwe kabla ya mkunjo au baada yake? Kwa milisekunde 20 hakuna atakayejua. Ila ukitaka chujio lishuke kutoka hezi 5,000 hadi 200 kwa sekunde nne, tofauti ni kubwa. `line~` ikikaa baada ya mkunjo, inateremka kwa hezi: sekunde mbili zikipita iko 2,600, imeshuka oktava moja tu pungufu kidogo. Oktava tatu na ushee zilizobaki zinaporomoka ndani ya sekunde mbili za mwisho. Ikikaa kabla ya mkunjo, inateremka kwa kasi moja masikioni, mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana nilisema ubadilishaji ukae mlangoni: kila kinachotembea kitembee kikiwa bado kati ya 0 na 1.

Mnyororo kamili, wote ukiwa wa sauti:

slaida → `$1 20` → `line~` → `*~ 55.726` → `+~ 55.35` → `mtof~` → mlango wa kati wa `vcf~`

Weka `noise~` kwenye mlango wa kushoto wa `vcf~`, namba 5 kwenye mlango wa kulia kwa ukali wa chujio, na tundu la kushoto la kutokea lipite `*~ 0.1` kabla ya `dac~`, kisanduku kinachopeleka sauti kwenye spika. Washa sauti kwa Ctrl+/. Kelele ile inaonyesha kila dosari ya mkunjo vizuri kuliko ala yoyote.

Faida nyingine inajitokeza hapo hapo. Ukitaka chujio liyumbe lenyewe, `osc~ 0.1` inatoa −1 hadi 1. Izidishe kwa `*~ 0.2`, ijumlishe na slaida kwa `+~` baada ya `line~`, pitisha kwenye `clip~ 0 1`, ndipo uendelee na mnyororo. Mkono unaweka katikati, wimbi linayumba pande zote mbili kwa oktava sawa. Ungejumlisha kwa hezi, yumba ile ile ingekuwa kubwa mno chini na isiyosikika juu.

## Hatua ya 6: funga kazi ndani ya pachi ndogo

Baada ya kuandika `*` na `+` mara ya kumi, fungua pachi mpya, iite `nyosha.pd`, na uihifadhi kwenye folda moja na pachi kubwa. Ndani yake weka `inlet` → `*` → `+ $1` → `outlet`. Pembeni, `loadbang` (hujiwasha yenyewe pachi inapofunguliwa) → `f $2` → `- $1` → mlango wa kulia wa `*`. Ukirudi kwenye pachi kubwa na kuandika `nyosha 200 5000`, `$1` inakuwa 200 na `$2` inakuwa 5000, upana unahesabiwa wenyewe, na yale makosa ya `* 5000` yanakwisha.

Ya pili iite `pinda.pd`: `inlet` → `*` → `exp` → `* $1` → `outlet`, na pembeni `loadbang` → `f $2` → `/ $1` → `log` → mlango wa kulia wa `*` ya kwanza. Ni fomula ile ya kuzidisha kwa sura nyingine. `pinda 200 5000` ikipewa 0.5 lazima itoe 1000. Isipotoa, kagua waya wa `log`.

Hapa watu huchanganya alama ya dola. Ndani ya kisanduku cha ujumbe, `$1` ni namba ya kwanza ya ujumbe unaoingia. Ndani ya kisanduku cha kawaida kwenye pachi ndogo, `$1` ni ulichoandika baada ya jina la pachi hiyo. Kwenye Max, hiyo ya pili huandikwa `#1`.

Huna haja ya kuogopa kwamba namba itafika kabla upana haujahesabiwa pachi inapofunguliwa: `loadbang` za pachi ndogo hutangulia za pachi kubwa.

## Kurudi nyuma

Siku utakapotaka kuhifadhi mpangilio na kuurudisha, utahitaji njia ya kinyume, ili slaida isimame mahali sahihi. Kwa mstari mnyoofu, x = (y − a) ÷ (b − a). Kwa mkunjo wa kuzidisha:

`expr log($f1/200)/log(25)`

Tuma matokeo kwenye slaida kupitia kisanduku cha ujumbe chenye `set $1`. Neno `set` linaisogeza slaida bila kuifanya itoe namba tena, na ndilo linalozuia mduara wa slaida kuendesha hezi na hezi kuendesha slaida bila mwisho.

Swali linabaki: uhifadhi x au hezi? Ukihifadhi x, unaweza kuhama polepole kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine na mwendo ukasikika sawa, bila hesabu ya ziada. Lakini ukija kubadili mipaka kutoka `pinda 200 5000` kuwa `pinda 100 8000`, kila mpangilio wa zamani utabadilika sauti. Kwa pachi ambayo bado naijenga nahifadhi hezi, kwa sababu mipaka inabadilika kila wiki. Pachi ikishatulia nayaandika upya yote kwa x, mara moja, kwa kutumia hiyo `expr` hapo juu.